Kutapika kabla ya dripu: uchambuzi wa kisa cha msichana mwenye saratani ya mfupa, Mombasa

Kisa hiki ni cha kufundishia. Kimeundwa kutokana na mambo yanayojirudia katika wodi za watoto wenye saratani, wala si habari ya mtoto mmoja anayeweza kutambuliwa. Mgonjwa ni msichana wa miaka 12, mkazi wa Mtongwe upande wa Likoni, aliyelazwa katika hospitali ya rufaa kisiwani Mombasa baada ya uvimbe uliokuwa juu kidogo ya goti lake la kushoto kuthibitishwa kuwa osteosakoma, yaani saratani inayoanzia kwenye mfupa wenyewe. Alikuwa na uzito wa kilo 32 na eneo la ngozi ya mwili mzima, linalotumika kukokotoa kipimo cha dawa, la mita za mraba 1.1; figo na moyo vilifanya kazi vizuri, na picha ya kifua haikuonyesha kwamba ugonjwa umeenea. Alitembea kwa magongo na alikuwa akinywa morfini ya maji kwa ajili ya maumivu. Alipangiwa mizunguko 3 ya dawa mbili za saratani, sisplatini na doksorubisini, kabla ya upasuaji na mingine 3 baada yake, kila mzunguko ukianza wiki 3 baada ya uliotangulia.

Asubuhi ya mzunguko wa tatu mtoto huyu alianza kutapika akiwa njiani, kabla hajafika wodini na kabla ya dawa yoyote kumwingia. Swali la uchambuzi huu ni kama hali hiyo ingeweza kutabiriwa. Naona kwamba ingewezekana, na kwamba karibu kila kilichohitajika kuitabiri kingepatikana katika mazungumzo ya siku ya kwanza ya kulazwa. Sababu nyingi za hatari alizokuwa nazo hazikuweza kuondolewa na mtu yeyote; iliyoweza kuzuiwa ilikuwa moja, nayo ni jinsi alivyokingwa katika mzunguko wa kwanza.

Uzito wa dawa zenyewe

Katika kukadiria hatari ya kutapika, hakuna kigezo kinachoipita dawa anayopewa mtoto, pamoja na kipimo chake na dawa zinazoandamana nayo. Dawa za saratani hupangwa katika madaraja manne kwa kuangalia ni wagonjwa wangapi wangetapika kama hawangekingwa: zaidi ya asilimia 90 katika daraja la juu, asilimia 30 hadi 90 katika la wastani, asilimia 10 hadi 30 katika la chini, na pungufu ya asilimia 10 katika la mwisho. Sisplatini ndiyo kielelezo cha daraja la juu, ilhali vinkristini, inayotumika sana kwa watoto, imo katika daraja la mwisho. Ndiyo sababu mtoto wa kitanda cha pili, anayetibiwa uvimbe wa figo na aliyefika zamu ya vinkristini peke yake, anaweza kudungwa sindano asubuhi na adhuhuri akala wali kwa mchuzi wa samaki kama kawaida. Mama wa msichana wetu aliyaona hayo kwa macho yake, akahitimisha kwamba binti yake ni dhaifu kuliko wenzake. Hakuna aliyemweleza kwamba watoto wale wawili hawakuwa wakipewa dawa moja.

Sisplatini huchokoza seli fulani za utumbo mwembamba zikamwaga serotonini, ambayo hushika vipokezi vilivyo kwenye ncha za neva ya vagasi. Taarifa hupanda hadi kwenye shina la ubongo, na huko ndiko amri ya kutapika inakotolewa. Wimbi hili la kwanza hutokea ndani ya saa 24, na ondansetroni hulizuia vizuri kwa kuvifunga vipokezi hivyo vya serotonini. Lakini sisplatini ina wimbi la pili, linalopitia zaidi ndani ya ubongo kwa kutumia kemikali iitwayo dutu P, na ambalo hufikia kilele baina ya saa 48 na saa 72 na huweza kuendelea hadi siku ya tano au zaidi. Katika wimbi hili ondansetroni haina nguvu kubwa. Zinazosaidia ni deksamethasoni na aprepitanti, ambayo kazi yake ni kufunga vipokezi vya dutu P.

Msichana huyu alipangiwa sisplatini miligramu 100 kwa kila mita ya mraba, kwa dripu ya saa 24, na doksorubisini miligramu 25 kwa kila mita ya mraba kila siku kwa siku 3. Ukizipanga siku hizo kwenye karatasi utaona kwamba wimbi la pili la sisplatini linafika wakati doksorubisini bado inaingia mwilini, hivyo mtoto hapati siku hata moja ya nafuu baina ya kichocheo kimoja na kingine. Matibabu ya siku kadhaa mfululizo yana tabia hiyo, na ni kosa kuyakadiria kana kwamba kila siku inajitegemea.

Kwa dawa hizi, mwongozo wa POGO, yaani kikundi cha saratani za watoto cha Ontario nchini Kanada, ambao hufuatwa pia nje ya nchi hiyo, unataka mtoto mwenye umri wa miezi 6 au zaidi akingwe kwa dawa tatu kwa pamoja: ondansetroni au ndugu yake, deksamethasoni na aprepitanti. Kinga huchaguliwa kwa kufuata daraja la dawa ya saratani, wala haingojei ijulikane kama mtoto ana maumbile ya kutapika. Katika mzunguko wa kwanza msichana alipewa ondansetroni kila baada ya saa 8 na deksamethasoni mara moja tu kabla ya sisplatini. Aprepitanti haikuwapo katika duka la dawa la hospitali, na familia haikuambiwa kwamba dawa hiyo ipo na inaweza kutafutwa nje.

Mtoto aliyezipokea

Baada ya dawa ndipo huja mambo ya mgonjwa mwenyewe. Haya hayabadilishi haja ya kinga kamili, ila humwonyesha daktari ni nani anayeelekea kutapika hata akiwa amekingwa, na ni nani wa kufuatiliwa kwa karibu.

Kwa watu wazima picha iko wazi: wanawake, vijana, wenye kutapika garini na waliotapika sana wakati wa ujauzito wako hatarini zaidi, ilhali waliozoea pombe nyingi hutapika kidogo. Kwa watoto ushahidi si mzito kiasi hicho. Umri hutajwa mara nyingi, kwa maana kwamba watoto wakubwa na vijana hupata shida zaidi kuliko wadogo, ingawa sehemu ya tofauti hiyo huenda ni ya hesabu tu, kwa kuwa mtoto wa miaka 2 hawezi kusema kwamba moyo unamchafuka. Hulia au hukataa ziwa, na muuguzi akaandika kwamba mtoto hana raha. Kuhusu jinsia, tafiti za watoto hazikubaliani, baadhi zikiwaona wasichana kuwa hatarini zaidi na nyingine zisione tofauti. Kwa sababu hiyo, miaka 12 ya mgonjwa wetu naihesabu, lakini usichana wake siupi uzito mkubwa.

Ninalolipa uzito ni historia ya safari. Mama alipoulizwa, na hili halikuulizwa mpaka mzunguko wa tatu, alieleza kwamba tangu utotoni binti huyu hajapata kwenda kwa bibi yake Msambweni kwa matatu bila kutapika kabla ya kufika Tiwi, hata familia ikazoea kubeba mfuko na ndimu. Akaongeza kwamba mimba ya binti huyuhuyu ilimtapisha yeye mama hadi akalazwa na kuwekewa dripu. Habari ya ujauzito wa mama si kigezo kilichothibitishwa kwa mtoto wake, na ningeiandika pembeni tu. Kutapika garini ni jambo jingine: kunaashiria kwamba njia za ubongo zinazotoa amri ya kutapika huamshwa kwa urahisi, na swali lake halimgharimu mtu zaidi ya nusu dakika.

Kuna pia hofu na matarajio. Msichana wa umri huu husikia kila linalosemwa karibu na kitanda chake. Siku ya kwanza mgonjwa mwenzake mkubwa alimweleza kwa undani jinsi yeye alivyotapika, na mtu mzima mmoja, kwa nia njema kabisa, akamwekea beseni mapajani kabla ya dripu kuunganishwa. Anayetarajia kutapika huwa mwepesi zaidi kupata kichefuchefu, na beseni lile lilimwambia atarajie nini.

Siku ambazo wodi haikuziona

Faili la mzunguko wa kwanza linasomeka vizuri. Siku ya kwanza imeandikwa kwamba ametapika mara 2, siku ya pili mara 1, siku ya tatu hakuna. Siku ya nne asubuhi ameruhusiwa akiwa katika hali nzuri, na vidonge vya ondansetroni vya siku 2. Hakuna neno kuhusu kichefuchefu, kwa sababu fomu ilikuwa na nafasi ya kuhesabu matapishi tu, na mtoto aliyelala ameelekea ukutani, asiyeongea wala kugusa chakula, huonekana kwenye fomu hiyo kama asiye na tatizo. Kichefuchefu hupimwa kwa kumwuliza mtoto mwenyewe. Kwa watoto wa miaka 4 hadi 18 kipo kipimo cha picha za nyuso nne, kutoka uso usio na kichefuchefu hadi uso wenye kichefuchefu kikali, na mtoto huonyesha kwa kidole. Hakihitaji kifaa chochote isipokuwa karatasi.

Yaliyotokea Mtongwe ni mengine. Kuanzia jioni ya siku ya nne mtoto hakuweza kushusha hata maji. Siku ya tano alitapika mara 6. Vidonge vya ondansetroni vilirudi pamoja na uji. Harufu ya samaki ikikaangwa kwa jirani na moshi wa ubani wa jioni vilitosha kumfanya akimbilie nje kwa magongo yake. Mama hakumrudisha hospitali. Sababu moja ni safari: kutoka Mtongwe hadi kivukoni, foleni ya feri chini ya jua, kisha tuktuk hadi hospitalini, na mtoto asiyeweza kukanyaga mguu. Sababu nyingine ni imani inayosikika sana kwa wazazi, na mama huyu aliitamka baadaye bila kusita: "Sista, si ndiyo dawa yatoa uchafu?" Anayeamini kwamba kutapika ni dalili ya dawa kufanya kazi hatakuja kulalamika kuhusu kutapika, wala si haki kumlaumu wakati hakuna aliyemwambia vinginevyo.

Kwa kuwa faili lilisema hali ni nzuri, mzunguko wa pili ulipewa kinga ileile, na matokeo yakawa mabaya kuliko ya kwanza. Hapa ndipo kigezo kizito kuliko vyote vya mgonjwa kilipojitokeza, nacho ni kuwa ametapika katika mzunguko uliotangulia. Hakuna taarifa ya umri, jinsia wala safari inayotabiri mzunguko ujao vizuri kama hiyo, na ndiyo taarifa ambayo wodi haikuwa nayo, kwa sababu ilikuwa ng'ambo ya kivuko, kichwani mwa mama.

Madhara hayakuishia kwenye dhiki. Sisplatini huumiza figo, na ndiyo maana hutolewa pamoja na maji mengi ya dripu na magnesiamu; mtoto anayerudi nyumbani akatapika siku 4 bila kunywa anaziacha figo zake zikikabili dawa hiyo bila maji. Vipimo vya kabla ya mzunguko wa tatu vilionyesha kreatinini, yaani taka ya damu inayopanda figo zikilemewa, imepanda na magnesiamu na potasiamu zimeshuka, na ikabidi dawa iahirishwe kwa wiki moja hadi vipimo virudi mahali pake. Katika saratani inayotegemea dawa na upasuaji kufuatana kwa ratiba, wiki iliyopotea kwa sababu ya matapishi ni hasara katika matibabu ya ugonjwa wenyewe.

Feri

Mama alidhani ni bahari. Binti alianza kutapika feri ilipong'oa kutoka Likoni, na kwa mtoto anayejulikana kutapika garini maelezo hayo yalionekana kutosha. Muuguzi wa zamu hakuridhika nayo, akauliza maswali mawili yaliyogeuza kisa. La kwanza: je, amewahi kutapika kwenye feri akiwa haendi hospitali? Hapana, siku ya Idd, kati ya mzunguko wa kwanza na wa pili, alivuka kwenda kwa shangazi yake Majengo bila tatizo lolote, akala na kurudi. La pili: kichefuchefu kilianza lini hasa? Kwa kweli kilianza kabla ya feri, usiku, alipoona mama akipanga nguo za kulazwa.

Mlango wa Kilindini mahali feri inapovuka ni mfupi na kwa kawaida umetulia, na mtoto yuleyule aliuvuka salama Idd. Hiki kilikuwa kichefuchefu cha kutangulia dawa, yaani mwitikio aliojifunza mwili. Harufu, sauti na mahali vilivyoandamana na kutapika kwa mizunguko miwili vilikuwa vimegeuka kuwa vichocheo vyenyewe, bila dawa kuwapo. Si maigizo wala ukaidi, na mtoto anayekaripiwa kwa ajili yake huongezewa hofu ambayo ni sehemu ya chanzo. Huwapata zaidi wale ambao kutapika kwao katika mizunguko ya mwanzo hakukudhibitiwa, na kikishajengeka ondansetroni haikiondoi. Hupunguzwa kwa njia za kutuliza na kuuzoesha mwili upya, na kwa lorazepamu, dawa ya kutuliza hofu, usiku uliotangulia na asubuhi ya dawa. Kinga yake hasa ni mzunguko wa kwanza usiotapisha.

Kabla ya kuisingizia sisplatini

Uchambuzi ungekuwa na kasoro kama kila tapishi lingehesabiwa kuwa la dawa ya saratani. Msichana huyu alikuwa akinywa morfini, ambayo huleta kichefuchefu na kufunga choo. Ondansetroni nayo hufunga choo. Na tumbo lililojaa hutapisha. Alipopimwa kabla ya mzunguko wa tatu alikuwa na siku 5 bila kwenda haja kubwa, na hakuwa amepewa dawa ya kulainisha choo tangu aanze morfini, jambo ambalo lingepaswa kwenda sambamba nayo. Mama aliulizwa pia kwa upole kuhusu dawa za kienyeji, akasema alimpa maji ya mwarobaini mara kadhaa ili damu isafike. Uchungu wake peke yake unaweza kumtapisha mtoto ambaye tayari moyo unamchafuka, na aliombwa ausitishe kwa muda wa matibabu.

Tarehe nazo zina kazi. Kutapika kwa dawa za namna hii huanza siku ya dawa na kwa kawaida hufifia ndani ya wiki. Mtoto anayeanza kutapika siku ya 9 au ya 10 akiwa na homa yuko katika hatari tofauti kabisa, kwa kuwa hicho ndicho kipindi ambacho chembechembe nyeupe za damu zimeshuka: huyo ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo, apimwe damu na malaria na aanzishiwe viuavijasumu, wala si wa kuongezewa ondansetroni nyumbani.

Mzunguko wa tatu

Kinga ilipangwa upya. Aprepitanti ilipatikana katika duka la dawa la mjini, vidonge vya miligramu 125 siku ya kwanza na 80 siku ya pili na ya tatu, kipimo kinachomfaa mtoto wa umri na uzito huo. Deksamethasoni iliendelezwa badala ya kutolewa mara moja, kwa nusu ya kipimo cha kawaida, kwa sababu aprepitanti huchelewesha mwili kuivunja. Kabla ya hayo potasiamu na magnesiamu zilisahihishwa na moyo ukapimwa kwa ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, kwani ondansetroni huweza kuvuruga mwendo wa umeme wa moyo, hatari inayokua madini hayo yakiwa chini, na doksorubisini nayo ni dawa inayougusa moyo. Olanzapini, dawa nyingine ya kuzuia kutapika ambayo pia huleta usingizi, iliandikwa iwe akiba kama angetapika licha ya kinga. Wapo ambao wangeitoa tangu mwanzo. Kwa mtoto aliyekuwa tayari ametumia morfini na lorazepamu, na ambaye usingizi mzito ungeweza kumletea shida ya kupumua, naona uamuzi wa kuiweka akiba ulikuwa sahihi.

Lililobadilisha zaidi halikuwa dawa. Ilikubaliwa kwamba baada ya kuruhusiwa asivuke kurudi Mtongwe, bali akae kwa shangazi yake Majengo hadi siku ya 8, na muuguzi apige simu kila jioni kuuliza maswali matatu: ametapika mara ngapi, amekunywa kiasi gani, na ameonyesha uso upi kati ya zile nyuso nne. Shangazi aliombwa asichome ubani wala kukaanga samaki siku hizo, na ampe madafu na uji mwepesi kidogokidogo. Beseni likaondolewa machoni. Likawekwa chini ya kitanda, karibu lakini halionekani.

Alitapika mara 1 katika saa 24 za kwanza na mara 1 siku ya tano. Kichefuchefu kilikuwapo siku ya nne na ya tano, uso wa tatu kati ya nne, na jioni ya siku ya tano olanzapini ilitolewa. Siku ya sita alikula. Kreatinini haikupanda. Kichefuchefu cha kutangulia dawa hakikuisha, na hakikutarajiwa kuisha kwa mzunguko mmoja mzuri baada ya miwili mibaya. Kwa ajili ya mzunguko wa nne, baada ya upasuaji, yaliyoandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa faili ni haya: hutapika garini, alitapika nyumbani siku ya nne hadi ya saba katika mizunguko miwili ya kwanza, kichefuchefu huanza usiku wa kuamkia kulazwa, aprepitanti inunuliwe kabla ya tarehe, namba ya simu ya shangazi, Majengo.